Maswali Matatu Niliyomfundisha Rukia

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Ukitaka maneno ya kidaktari, hapa huyapati. Naandika kwa sababu juzi mwanamke mmoja alinisimamisha mtaani Kibokoni, amembeba mtoto wa kama miaka minne anayejigonga kichwa kwenye bega la mamake, akaniuliza, "Mzee, wako ulimpeleka wapi?" Nikamwambia nilikompeleka, akanishukuru akaenda zake. Baadaye nikaona sikumwambia la maana, nalo ni jinsi nilivyoyaharibu mambo mimi mwenyewe. Hilo ndilo nataka alijue.

Rukia ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Nuru. Baba wa Rukia alimwacha Nuru, mtoto akiwa na miaka mitatu. Alisema ukoo wao haujapata kuzaa mtoto wa namna hii. Sikugombana naye. Nilimfungulia mlango atoke, Nuru na mwanawe wakabaki kwangu.

Nyumba hiyo, hapa Mji wa Kale, niliinunua mwenyewe. Sikurithi hata msumari. Nilianza sokoni Marikiti kama hamali, magunia mgongoni, na wakati wa mambo haya nilikuwa na stoo yangu ya vitunguu na viazi na mahamali wangu. Waliokuwa wakiniita "we hamali" sasa walikuwa wakiniita Mzee Omari. Nasema haya ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Sikuzoea kusubiri mlangoni kwa mtu, na sikuzoea kuambiwa hapana.

Mtoto alizaliwa mzima, mnene, mzuri wa sura. Alichelewa kusema, tukasema watoto wengine huchelewa. Alitembea kwa ncha za vidole, tukacheka. Halafu akaanza kupanga vikombe vya kahawa kwenye ngazi, kimoja nyuma ya kingine, na mtu akikisogeza kimoja alipiga ukelele na kujiuma kifundo cha mkono mpaka damu itoke. Alijiuma pale pale kila siku, ngozi ikaota sugu kama ya kisigino. Kuchanwa nywele hakukubali. Tulimnyoa, na majirani wakawa wanauliza kama ana chawa.

Kusema akasema, lakini alisema ya watu. Nyumba ya jirani palikuwa na chuo, watoto wa mtaa wakisomeshwa Kurani. Rukia alikaa chini ya dirisha lao, na alipofika miaka mitano alikuwa anasoma sura ya Tabaraka yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya maalim, hata kikohozi cha maalim akikiweka pale pale maalim anapokohoa. Watu walikuja kumsikiliza. Mimi nilijaa kifua. Lakini mtoto yule yule akiwa na kiu hakuweza kusema nataka maji. Alilia tu, na sisi tulihangaika na uji, na kanga, na kumbeba, hatujui analilia nini.

Mke wangu, Mama Nuru, alikuwa na jibu lake. "Huyu hana ugonjwa wa hospitali," alisema. "Yuwataka kuzinguliwa." Tukamzingua, akasomewa aya za kufukuza majini. Tukamletea kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji ya waridi mgonjwa anywe. Hakunywa, alitutemea. Sicheki mambo hayo, nilikaa nikaitikia amina kama wengine. Lakini mwaka ulipita na mtoto alikuwa vile vile, na mamake alikuwa anakonda.

Tulimpeleka kupimwa masikio, maana ukimwita hageuki. Bwana aliyempima aliangusha sahani ya bati nyuma ya mtoto, hakutikisika. Akasema huenda ni kiziwi. Nuru akatoa kipande cha halua kwenye mkoba, akakifungua karatasi polepole, na Rukia akageuka. Yule bwana akatuambia twende nyumbani.

Alipofika miaka sita nilimtia shule ya mtaani. Saa nne asubuhi walimrudisha. Mwalimu mkuu, mtu mpole, alimwambia Nuru kwamba kuna shule upande wa Buxton yenye darasa dogo la watoto kama hawa, mwalimu wake amesomea kazi hiyo. Lakini hawampokei mtoto bila barua. Barua hutolewa na ofisi ya kupima watoto, na pale anayepima ni daktari anayekuja kutoka Nairobi mara moja kila miezi mitatu.

Basi kuanzia hapo kazi yetu ikawa moja. Barua.

Tuliandikisha jina wakati wa mvua za masika, tukapangiwa mwezi wa sita. Nilikuwa na majuma kadhaa ya kungoja, na mimi si mtu wa kungoja mikono mitupu. Hapa ndipo nilipokosea, na nitaeleza vizuri.

Mimi ni mtu wa soko. Gunia la vitunguu likifika, unalifungua mdomo, unapanga vile vikavu vyekundu juu, vilivyoanza kulainika vinakaa chini. Huo si wizi, kila mtu Marikiti hufanya hivyo na kila mnunuzi anajua. Unamwonyesha mteja uso mzuri wa mali yako. Basi nikamtayarisha Rukia namna hiyo. Kila alasiri nilimkalisha mbele yangu tukafanya kama chuoni, mimi nasema yeye anafuata. Jina lako nani? Rukia. Una miaka mingapi? Sita. Huyu nani? Babu. Mara mia, mara mia mbili. Alishika. Mama Nuru akamshonea gauni la mikono mirefu, limebana kwenye vifundo ili ile sugu isionekane.

Nuru aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia siwezi kumpeleka mjukuu wangu mbele ya daktari kama mtoto asiyelelewa.

Siku ile tulifika mapema, lakini mabao ya kukalia yalikuwa yamejaa. Ukiwa na mtoto wa kawaida, kungoja ni kuchoka tu. Ukiwa na mtoto kama Rukia unangoja huku umeshika bomu. Kile chumba kilinuka dawa ya kusafishia sakafu, feni ilikuwa inakwaruza, na kila jina likiitwa alikaza mwili kama ubao. Saa tatu, saa nne, saa tano. Alipoanza kujipiga masikio, mama mmoja mfagiaji aliegemeza ufagio wake ukutani akatufungulia ukumbi wa nyuma wanakokausha matambara. Pale palikuwa na kivuli na kimya, na Rukia akatulia, akawa anagusa matambara moja moja. Simjui jina mama yule, lakini namwombea mpaka leo.

Tulipoitwa, mtoto alikuwa ametulia kama maji mtungini. Daktari alikuwa kijana, amechoka, mafaili yamemjaa mezani. Akamtazama Rukia.

"Jina lako nani?"

"Rukia."

"Una miaka mingapi?"

"Sita."

Akaninyooshea kalamu. "Huyu nani?"

"Babu."

Kwa mpangilio ule ule. Nilijisikia kama nimeuza shehena nzima. Daktari akatabasamu, akaanza kuniuliza mimi. Anacheza na wenzake? Anacheza. Analala vizuri? Analala. Huwa anajiuma, anajipiga? Nuru alifungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

"Hapana," nikasema. "Huyu mtoto wa watu, daktari. Anasoma Kurani." Nikaanza neno la kwanza la Tabaraka na Rukia akaendelea mpaka daktari akaweka kalamu chini.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Sisi watu wa hapa tumelelewa na sitara. Ya ndani ya nyumba hubaki ndani. Kukaa mbele ya mtu mgeni ukamwambia mjukuu wako anajiuma, anajisaidia nguoni, anampiga mamake, ni kama kuvua nguo barabarani. Nilikwenda kutafuta barua ya kusema mtoto ana shida, na nilipofika pale sikutaka mtu yeyote aamini kwamba ana shida. Yote mawili yalikuwa kichwani mwangu kwa pamoja na sikuona ubaya.

Barua tulipewa siku hiyo hiyo. Ilikuwa ya Kiingereza, na Nuru, aliyefika kidato cha pili, aliisoma tukiwa kwenye ngazi za nje. Akanifasiria: mtoto hana kasoro, anasema na anafahamu, apelekwe shule ya kawaida, wazazi wapunguze kumdekeza.

Akaikunja. "Umefurahi, Baba?"

"Ulitaka mwanao aandikwe mwenda wazimu?"

"Nilitaka aandikwe alivyo."

Akamshika mtoto mkono akatangulia. Kuanzia siku ile binti yangu aliniwekea chakula, akanisalimu asubuhi kama adabu inavyotaka, na zaidi ya hapo hatukuwa na mazungumzo.

Nilikwenda Buxton peke yangu na barua ile. Nilidhani nitazungumza na yule mwalimu wa darasa dogo kama ninavyozungumza na watu, mambo yatakwisha. Akaisoma, akanirudishia. "Mzee, barua yako inasema mtoto ni mzima. Nitampokea kwa sababu gani?" Nikamwambia barua imekosea. "Basi mwambie aliyeiandika," akasema, na alikuwa na haki.

Aliyeiandika alikuwa aje tena mwezi wa tisa. Mwezi wa nane vurugu za kule Likoni zikazuka, watu wa bara wakawa wanakimbia, na daktari akakatiza safari zake. Tuliambiwa tungoje. Kisha mvua za Elnino zikaja, barabara ya Nairobi ikakatika, tukaambiwa tungoje tena. Nilikuwa nikifika ofisini pale kila juma. Karani alinizoea mpaka akawa ananitikisia kichwa kutoka dirishani kabla sijavuka barabara.

Miezi ile sitaisahau. Sehemu ya paa letu ni mabati, na Rukia hakustahimili sauti ya mvua juu ya bati. Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka, haikuwa ya saa moja mbili. Alijibanza pembeni, vidole masikioni, akijigonga paji la uso ukutani, na kuta zetu ni za mawe. Tulitundika mito. Aliifuata sehemu isiyo na mto. Paji likavimba, likapona, likavimba, mwishowe likabaki na uvimbe mdogo mgumu ambao anao hadi leo. Nilikuwa mtu wa kuamrisha mahamali ishirini, na pale nilikaa kwenye kiti nikimtazama mtoto. Ukimshika anakuuma. Ukimwacha anajiumiza. Nuru alimshika, na mikono ya Nuru ilijaa alama za meno, na shingo yake ikawa nyembamba kama ya mwanamke mzee. Mama Nuru akarudi kwenye habari za majini, akamlaumu Nuru kwa kupita mahali fulani jioni akiwa na mimba. Nilimfokea Mama Nuru, Mama Nuru akanifokea mimi, na mtoto akazidi.

Siku moja mvua ilipokatika Rukia alitoroka. Tulimtafuta kutwa. Tulimkuta Biashara Street, kwenye duka la kanga, amekaa sakafuni katikati ya robota lililofunguliwa, anapitisha kanga mpya usoni polepole, pindo kwa pindo. Mwenye duka, Mhindi wa makamo yangu, alikuwa amekaa kwenye stuli anamtazama. Nilimwinamia nikaanza kumwomba radhi. Akanizuia kwa mkono. "Mwache kwanza amalize," akasema. Tukamngoja amalize. Sikupata kusikia neno zuri kuliko lile mwaka ule mzima.

Baada ya Idi, joto la kaskazi likiwa kali, karani alinitumia habari. Daktari bado hajarudi, lakini ofisi imepata afisa mpya, Bi Kadzo, mwanamke wa Rabai, amesomea kupima watoto na ana ruhusa ya kuandika barua. Nilimwambia Nuru. Akaniambia, "Nitakwenda naye mwenyewe." Nikasema nami nitakuja. Alimaliza kwanza kumfuta mtoto mdomo. Kisha akasema, "Njoo. Lakini sitamvika mikono mirefu."

Chumba cha Bi Kadzo kilikuwa na mlango uliovimba kwa zile mvua, haufungiki. Ulibaki wazi nusu, na bao la wanaosubiri lilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Na kwenye bao, nani aliyekuwa amekaa? Saidi wa ndizi, tunayepakana Marikiti, yuko na mwanawe asiyesikia. Miaka mingi nimeshindana na mtu huyo kwa kila kitu, na domo lake sokoni halina kufuli. Nikamsalimu. Nikatamani kurudi nyumbani.

Bi Kadzo hakuanza na jina. Alimtazama Rukia, akaniashiria mimi. "Huyu ni nani?"

"Rukia," akasema Rukia.

"Jina lako nani?"

"Sita." Na hata hiyo sita ilikwisha pita, alikuwa na saba.

"Mama yuko wapi?"

"Babu."

Bi Kadzo akaegemea kiti. Hakucheka, na hakukasirika. "Nani alimfundisha?"

"Mimi," nikasema.

"Ulimfundisha vizuri. Lakini mimi sikuja kumnunua, Mzee. Niambie alivyo."

Nilitazama mlango. Nuru alikuwa ananitazama mimi. Angeweza kusema yeye, alikuwa na haki, na sasa najua alinyamaza kusudi. Sauti yangu ni ya soko, haijui kunong'ona. Nikasema. Anajiuma, tazama hapa. Anajigonga, tazama hapa. Ana miaka saba na anajisaidia nguoni. Hali ila wali mweupe na papai. Anampiga mamake. Hajapata kuniita kwa jina langu lolote isipokuwa lile nililomkaririsha, na halisemi ila ameulizwa. Anasoma Tabaraka, naam, lakini hawezi kusema tumbo lauma. Na daktari wa kwanza nilimdanganya.

Kule nje kwenye bao Saidi alikuwa amesikia yote. Nilipokwama Nuru akaendelea, akasema mengine ambayo mimi sikuyajua na nilikuwa naishi naye nyumba moja. Bi Kadzo aliandika karatasi mbili, mbele na nyuma.

Alipomaliza alitaja jina la hali ile kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili hakuwa nalo. Siku hizi nasikia wanaita usonji.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Dawa sina, Mzee."

"Atapona lini?"

"Sikwambii atapona."

"Sasa karatasi hii ya nini?"

"Ya kufunguliwa mlango kule Buxton. Ndani ya mlango sijui kutakuwaje. Naye mwalimu hajui."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Tulipotoka Saidi wa ndizi alisimama kunipisha. Nilijiandaa kwa neno lake. Akanishika mkono, akasema, "Kumbe nawe u mtu, Mzee Omari," akamvuta mwanawe wakaingia. Sokoni sikulisikia jambo lile hata siku moja. Mengine yote yangu aliendelea kuyatangaza, lakini lile hapana.

Sasa wewe mwanamke wa Kibokoni, na wengine mlio na watoto kama huyu. Usimpambe. Mpeleke akiwa na njaa yake, na usingizi wake, na nguo aliyoichana. Mkono ulioumwa uweke mezani. Anayempima akiuliza swali usimjibie mtoto, na mamake akitaka kusema mwache aseme, yeye ndiye anayejua. Chukua maji na kipande cha kitambaa anachokipenda, kwa sababu mtangoja. Na barua ukipata usifanye karamu. Mimi nilichinja mbuzi, nikaona haya baadaye.

Darasa lenyewe lilianza muhula wa pili, masika yaliyofuata. Chumba kimoja, mwalimu mmoja, watoto tisa. Tulimpeleka mimi na Nuru. Mwalimu alikuwa yule yule aliyenirudishia barua ya kwanza. Alimpokea Rukia kwa mkono, akatuambia tusiingie, tusichungulie dirishani, turudi saa sita. Nuru aliondoka kama alivyoambiwa. Alikwenda akakaa upande wa pili wa barabara, kanga kichwani, uso kautupa mbali.

Mimi sikuweza. Nilisimama nje ya ukuta. Rukia alianza kulia mlango ulipofungwa, kile kilio chake kirefu ambacho mtaa mzima unakijua, na kati ya kilio nilisikia kishindo, kisha kingine, na sikujua kama ni kiti au ni kichwa. Hapana mtu niliyeweza kumwamuru. Hapana wa kumpa kitu ili amnyamazishe. Wafanyakazi wa shule walinipita wakanisalimu, Shikamoo Mzee, nikaitikia. Saa mbili ikapita, saa tatu, na bado analia.

Saa nne kasorobo kilio kikakoma. Kilikoma ghafla, katikati. Nikasogeza sikio ukutani. Sikusikia chochote, si mwalimu, si watoto. Sikujua kimekoma kwa kutulia, au kwa kuchoka, au kwa jambo jingine. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango na sikujua umefikaje. Nikauondoa. Nikavuka barabara, nikakaa chini kando ya Nuru, na tukangoja saa sita.